Kabla ya Kuiacha Helikopta ya Habari, Tuangalie Inavyofungwa Vifaa

Tarehe 22 Novemba 2022, helikopta ndogo aina ya Robinson R44 iliyokuwa ikitumiwa na kituo cha televisheni cha WBTV ilianguka kando ya barabara kuu mjini Charlotte, Marekani, na watu wawili waliokuwamo wakafariki dunia. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 19 Desemba, helikopta ya kituo kimoja cha Philadelphia ilianguka katika msitu wa New Jersey ikirejea kutoka kazini, na rubani na mpiga picha wake wakafariki pia. Baada ya ajali hizo, hoja iliyokuwapo tangu droni zianze kuenea ilipata nguvu mpya: kwamba zama za helikopta ya habari zimekwisha, na kwamba picha zilezile zinaweza kupatikana kwa gharama ndogo bila kumweka mtu yeyote hatarini. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeuweka mzigo wa lawama mahali pasipo pake. Hatari kubwa ya kazi hii haitokani tu na kuwa na helikopta. Inatokana kwa sehemu kubwa na namna helikopta hiyo ilivyofungwa vifaa na namna kazi zilivyogawanywa miongoni mwa watu waliomo. Kila kilo inayoongezwa na kila skrini inayobandikwa ni uamuzi kuhusu mafuta, nguvu ya injini na macho ya rubani, na inasikitisha kwamba uamuzi huo hujadiliwa kana kwamba ni suala la ubora wa picha peke yake.

Ugumu huu ni wa tangu mwanzo. Helikopta ya kwanza ya kurusha picha za televisheni moja kwa moja iliruka Los Angeles mwezi Julai 1958, na ilikuwa Bell 47 ya kituo cha KTLA. Mhandisi wake, John Silva, alikabiliwa na vifaa vya matangazo ya nje ambavyo kwa wakati ule vilikuwa na uzito wa karibu kilo 900, mzigo ambao helikopta ile isingeweza hata kuuinua. Kazi yake kubwa ikawa kupunguza, kipande baada ya kipande, mpaka vikabaki takribani kilo 167. Katika ruka ya kwanza ya majaribio picha haikufika kituoni, na Silva alilazimika kutoka nje ya chumba cha rubani na kusimama juu ya mguu wa helikopta, ikiwa imening'inia angani, ili akague transmita, yaani kifaa cha kurushia picha. Alikuta mojawapo ya vali za kielektroniki imeharibika kwa joto na mtikisiko. Maadui wanne aliopambana nao, yaani uzito, umeme, joto na mtikisiko, ndio walewale wanaomkabili fundi wa leo, ingawa kamera zimekuwa ndogo na vali zimetoweka.

Tuanze na uzito, maana hesabu yake ni rahisi na bado hupuuzwa. R44 Raven II inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi kilo 1134. Ikiwa tupu, kabla ya kufungwa chochote cha habari, ina takribani kilo 680. Zinabaki kilo 450 hivi za watu, mafuta na vifaa. Waweke rubani, mwandishi na mwendesha kamera, kila mmoja kilo 85, na tayari umetumia 255. Jaza matangi yote mawili na umeongeza takribani 125. Kilichobaki kwa ajili ya kamera, kichwa chake cha kuitulizia, rekoda, skrini, transmita, antena, redio za ziada na nyaya ni kilo 70 tu, na ikumbukwe kwamba kichwa cha kamera pamoja na lenzi yake kinaweza kupita kilo 30 peke yake. Ndiyo maana katika helikopta za habari za aina hii kiti cha nne hugeuka kuwa nafasi ya vifaa, na ndiyo maana linapoongezwa kasha moja jipya, kinachopunguzwa kwa kawaida ni mafuta. Injini ya R44 hula takribani lita 57 kwa saa, sawa na kilo 41. Kwa hiyo kifaa cha kilo kumi kinagharimu karibu robo saa ya kuwa angani. Mhariri anayeomba kamera ya pili, au mfumo wa ziada wa kurushia picha, anaomba pia kwamba rubani arudi chini mapema zaidi, au abaki juu huku akiba yake ikiwa ndogo. Francis Gary Powers, rubani aliyenusurika kutunguliwa kwa U-2, ndege ya ujasusi ya Marekani, juu ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1960, alifariki mwaka 1977 akirusha helikopta ya habari ya Los Angeles iliyoishiwa mafuta.

Uzito una tatizo la pili, nalo ni mahali ulipo. Kamera hufungwa puani, mbele kabisa, kwa sababu huko ndiko inakoona bila kuzuiwa na miguu wala mkia. Lakini kilo 30 zilizo mbele ya miguu ya rubani husogeza kitovu cha uzito mbele kuliko kilo 30 zilizo chini ya kiti cha nyuma. Akiketi mbele mwandishi mwenye mwili mkubwa, rubani anaweza kujikuta hana tena nafasi ya kutosha ya kuvuta fimbo ya usukani nyuma ili kuinua pua. Fundi mzuri hulisawazisha jambo hili kwa kusogeza vifaa vizito nyuma, na kila badiliko hupimwa tena kwenye mizani na kuandikwa katika hati za ndege. Nalisisitiza hili kwa sababu vifaa vya habari hubadilishwa mara kwa mara kuliko sehemu nyingine yoyote ya helikopta, na kifaa kinachotolewa kwa matengenezo kisha kurudishwa kingine chenye uzito tofauti ni badiliko kamili la uzito wa ndege, hata kama chumba cha habari kinaliona kuwa ni kubadilisha kasha tu.

Kuhusu kamera yenyewe, wakosoaji wengi huona gharama yake kama anasa. Naona kinyume. Helikopta yenye mapanga mawili yanayozunguka mara 400 hivi kwa dakika hutikisika zaidi ya mara 13 kila sekunde, na mtikisiko huo huenda moja kwa moja kwenye lenzi. Lenzi ikiwa imevutwa kwa mbali, kuyumba kwa sehemu moja ya kumi ya digrii kunaihamisha picha karibu mita 2.6 juu ya kitu kilicho umbali wa mita 1500, kiasi cha kulitoa gari zima nje ya fremu. Gimbali, yaani kile kichwa cha duara chenye vihisi mwendo na mota zinazoigeuza kamera kinyume cha kila mtikisiko, ndiyo inayowezesha picha tulivu kutoka umbali huo. Bila gimbali nzuri njia iliyobaki ni kusogea: kushuka, kupunguza mwendo, na hatimaye kuning'inia mahali pamoja. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtengenezaji Robinson ametoa tahadhari maalumu ya usalama, namba 34, inayozitaja ruka za kupiga picha kuwa ni za hatari kubwa sana. Inaeleza jinsi rubani asiye na uzoefu anavyoweza kupunguza mwendo chini ya noti 30, takribani kilomita 55 kwa saa, ili kumridhisha mpiga picha, akasahau upepo unatoka wapi, akaanza kudidimia, kisha akainua mtaimbo wa nguvu, yaani wenzo unaoyafanya mapanga yainue zaidi, akidhani anajiokoa, kumbe anayapunguzia mapanga kasi ambayo ndiyo uhai wake. Tahadhari hiyo inataka rubani wa kazi hii awe na angalau saa 500 za kuongoza helikopta, zaidi ya 100 kati ya hizo zikiwa katika aina anayoirusha, na awe tayari kusema hapana. Lenzi ndefu iliyotulizwa vizuri inamruhusu azunguke tukio kutoka mbali na juu, akiwa na mwendo wa kutosha wa kumwezesha kutua salama hata injini ikizimika. Kwa hiyo kituo kinachobana matumizi kwenye gimbali kimepunguza usalama, hata kama katika vitabu vya hesabu kimepunguza gharama ya picha.

Urushaji wa picha nao umezungukwa na dhana moja potofu, kwamba mitandao ya simu imeifanya transmita ya mikrowevu, yaani ya mawimbi mafupi ya redio, kuwa kitu cha kale. Ni kweli kwamba kasha dogo linalounganisha laini kadhaa za simu ni jepesi na la bei nafuu, na kwa siku nyingi za kawaida linatosha. Lakini antena za minara ya simu huelekezwa chini, kwa watu walio ardhini, na kifaa kilicho mita 300 juu huiona minara mingi kwa pamoja na kuivurugia mawasiliano. Marekani imepiga marufuku kwa kanuni matumizi ya simu za bendi ya megahezi 800 angani kwa sababu hiyohiyo. Tena siku ambayo helikopta inahitajika zaidi kuliko zote, siku ya tetemeko au mafuriko, ndiyo siku mitandao hiyo huelemewa au kukatika. Mawimbi ya mikrowevu yanahitaji tu kuonana kati ya antena mbili: kutoka mita 300 upeo wa redio ni takribani kilomita 70, na mnara wa kupokelea ukiwa mrefu umbali huo huongezeka. Gharama yake ni uzito na umeme. Altaneta, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini, ya ampea 70 katika mfumo wa volti 28 hutoa wati zisizofika 2000 kwa ajili ya kila kitu, zikiwamo taa, redio za rubani na kuchaji betri. Ukijumlisha mota za gimbali, skrini, rekoda na transmita, unafika ukingoni haraka kuliko inavyodhaniwa. Ufungaji wowote unaostahili kuaminiwa huwa na swichi moja, karibu na mkono wa rubani, inayozima vifaa vyote vya habari kwa pamoja bila kugusa vifaa vya kurushia ndege. Swichi hiyo ni nyepesi na bei yake haina uzito katika bajeti, lakini siku moshi unapoonekana ndani ya chumba ndiyo inayomrudishia rubani ndege yake.

Jambo ambalo naliona kuwa kiini cha mjadala wote ni macho. Tarehe 27 Julai 2007 helikopta mbili za vituo viwili vya televisheni ziligongana angani mjini Phoenix zikifuatilia polisi waliokuwa wakimkimbiza dereva, na watu wote wanne waliokuwamo walifariki. Hakuna injini iliyozimika. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilihitimisha kwamba marubani hao walishindwa kuonana na kuepukana, na miongoni mwa mambo yaliyochangia ikataja kazi za kuripoti na kufuatilia tukio kwa macho ambazo marubani wenyewe walikuwa wakizifanya kwa ajili ya vituo vyao. Walikuwa wakirusha ndege na papo hapo wakiwasimulia watazamaji. Bodi ilipendekeza kwamba kazi ya kuripoti apewe mtu mwingine asiye rubani, isipokuwa pale itakapothibitishwa kwamba mzigo wa rubani utabaki wa kuhimilika. Pendekezo hilo huonekana kama suala la utumishi, lakini mimi nalisoma kama maagizo ya ufungaji wa vifaa. Ukimwekea rubani skrini inayoonyesha picha ya kamera, umemwalika aitazame. Ukizichanganya sauti za mtayarishaji wa kipindi na za mwongoza ndege katika masikio yaleyale bila kumpa rubani uwezo wa kuzima upande mmoja, umeamua kwamba siku moja atakosa tahadhari muhimu. Na ukiondoa kiti cha mwandishi ili kuokoa kilo 85, umeamua kwamba rubani ndiye atakayezungumza. Meza ya swichi na mpangilio wa viti ndivyo vinavyoamua nani atatazama wapi, muda mrefu kabla ya tukio lolote kutokea.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili. Ya droni ndiyo inayotajwa zaidi, na ina nguvu katika eneo lake. Moto wa jengo moja, mgomo katika uwanja mmoja, daraja lililobomoka: hayo droni inayapiga picha vizuri, mara nyingi kwa ukaribu ambao helikopta haipaswi kuutafuta, na kituo kinachotuma helikopta kwenye kazi hizo leo kinajihatarisha bila sababu. Lakini kanuni za Marekani za mwaka 2016 kuhusu droni ndogo ziliweka kiwango cha kawaida cha futi 400 juu ya ardhi, karibu mita 120, na sharti la mwongozaji kuiona droni yake kwa macho. Ulaya nayo ina kikomo cha mita 120 kwa ruka za kawaida. Betri za droni nyingi huishia ndani ya saa moja, na nyingi huishia mapema zaidi. Droni lazima kwanza ifikishwe kwa gari mahali ambapo barabara huenda haipitiki tena. Machi 11, 2011, helikopta ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ndiyo iliyowaonyesha Wajapani na dunia nzima, moja kwa moja, maji ya tsunami yakilifunika bonde la mto Natori karibu na Sendai, kilomita baada ya kilomita za mashamba, nyumba na magari yaliyokuwa yakikimbia. Hakuna mtu aliyesimama ardhini na rimoti mkononi ambaye angeweza kuifuata kazi ile na kubaki hai. Pia ajali ya Charlotte haithibitishi kinachodaiwa. Uchunguzi wa NTSB uliielekeza kwenye ukaguzi usiotosha, uliosababisha viungo vya mfumo wa kuongozea ndege kulegea. Hilo ni fundisho zito kuhusu matengenezo ya chombo kinachotikisika mchana kutwa, na halihusiani na swali la nani apige picha za habari.

Hoja dhaifu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba tatizo la helikopta nyepesi litatatuliwa kwa kununua yenye injini mbili. Injini ya pili inasaidia pale injini ya kwanza inapokufa, lakini ajali za kazi hii zinaonyesha vyanzo vingi vingine. Agosti 18, 2011, watu watatu wa shirika la utangazaji la Australia, ABC, walifariki karibu na Ziwa Eyre katika helikopta ya injini mbili aina ya AS355. Waliondoka gizani, mahali pasipo na taa wala upeo unaoonekana, na wachunguzi walihitimisha kwamba yumkini rubani alipotewa na hisia ya mwelekeo. Injini zote mbili zilikuwa zikifanya kazi. Fedha ambazo zingenunua injini ya pili zingeweza kununua kifaa cha kutambua ndege nyingine zilizo karibu, ala za kurukia usiku na mafunzo ya kuzitumia, na bado zikabaki.

Hoja iliyo nzito kuliko zote haihusu ufundi. Inauliza picha hizi ni za nini. Sehemu kubwa ya saa za helikopta za habari katika miji ya Marekani imetumika kufuatilia foleni za magari na polisi wakikimbizana na madereva, na siwezi kusema kwamba kukimbizana kwa Phoenix kulistahili maisha ya watu wanne. Hoja hii naikubali, na kwangu inaelekea palepale ninapoelekea. Helikopta iliyofungwa vizuri, yenye watu watatu na akiba halisi ya mafuta, ina gharama kubwa kiasi kwamba haiwezi kutumiwa kila siku kwa kila tukio, na kizuizi hicho ni kizuri. Helikopta iliyobanwa, yenye rubani anayeripoti na kamera inayomlazimisha asogee karibu, ndiyo iliyo nafuu kiasi cha kurushwa kwa jambo lolote lile.

Kutokana na hayo, njia yenye maana kwa vituo vingi ni kushirikiana. Vituo kadhaa vya Marekani vimekwisha kuanza kutumia helikopta moja kwa pamoja na kugawana picha zake, wengi wao kwa sababu ya gharama. Ingefaa wafanye hivyo kwa sababu ya usalama na waandike hivyo katika mikataba yao: kwamba kiti cha tatu hakiondolewi, kwamba kila kifaa kinachoongezwa kinaidhinishwa na anayehusika na uzito wa ndege kabla ya mhariri, kwamba skrini ya picha haikai mbele ya rubani, kwamba rubani hasemi hewani, na kwamba akikataa kazi, hakuna mhariri wa kituo chochote kati ya hivyo mwenye ruhusa ya kumpigia simu kumbembeleza. Watakaopinga watasema kwamba kila kituo kitapoteza picha ya peke yake. Ni kweli kitaipoteza. Juu ya Phoenix mchana ule vituo viwili vilikuwa na picha ya peke yake ya tukio lilelile, kutoka katika eneo lilelile la anga, na kila rubani alikuwa akiwaeleza watazamaji wake kile ambacho mwenzake alikuwa akiwaeleza wake.